Mshono Usiokuwa Katika Karatasi

Chuma, kwa maoni yangu, hakina uongo. Hubeba kiasi kile kinachoweza kubeba, na kikizidiwa husema. Uongo hukaa katika karatasi. Hayo ndiyo ninayoyaona kila niisomapo historia ya bomba la gesi la San Bruno, mji wa jimbo la California, Marekani.

Mwaka 1956 kampuni ya Pacific Gas and Electric ilizika hapo bomba la upana wa inchi 30. Sehemu moja iliungwa kwa vipande vifupi, na baadhi yake vilikuwa na mshono wa urefu uliochomelewa upande wa nje tu. Kwa ndani moto haukufika. Halikujazwa maji na kupimwa kwa nguvu iliyozidi ile ya kazi. Kisha kumbukumbu za kampuni zikaonyesha kwamba bomba hilo halina mshono kabisa.

Fundi wa kuchomelea anaelewa hatari yake. Gesi iliyoshindiliwa hutaka kulipasua bomba kwa urefu, kama ganda la njugu. Mshono wa urefu huvutwa kwa nguvu mara mbili ya ule wa kuzunguka. Palipoachwa pengo, nguvu hiyo hukusanyika kwenye ncha yake. Presha ikipanda na kushuka, ufa hutambaa kidogo kidogo, na huko juu watu wanajenga, wanazaa, wanapika.

Ilipita miaka 54. Jioni ya tarehe 9 Septemba, 2010, kazi ya umeme katika kituo cha Milpitas ilivuruga mitambo, presha ikapanda hadi paundi 386 kwa kila inchi ya mraba. Kampuni ilikuwa imejiruhusu 400. Bomba likapasuka, kipande cha futi 28 kikarushwa nje ya shimo. Nyumba 38 ziliteketea, watu 8 wakafa, na gesi haikufungwa ila baada ya dakika 95.

Wachunguzi wa serikali waliukuta mshono ambao karatasi zilisema haupo.

Ndugu msomaji, aliyechomelea vibaya hanishangazi sana. Mafundi ni binadamu, na ndiyo maana kazi yao hupimwa. Kosa lake huenda lingefichuliwa na jaribio moja la maji. Linaloniumiza ni lile neno lililoandikwa bila mtu kufukua na kutazama, likaaminiwa na kila aliyelisoma baadaye. Chuma kilikuwa na ufa; karatasi ilikuwa safi, na watu wakaiamini karatasi.