Sidede Onyulo na Mpishi wa Rongai

Mpishi Mwafrika si mgeni katika filamu za Wazungu juu ya Kenya. Huingia na sinia, huitikia, kisha hutoka. Kwa sababu hiyo yafaa kuuchunguza uigizaji wa Sidede Onyulo, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu aliyefariki mwaka 2008, kama unavyoonekana katika filamu ya Kijerumani Nirgendwo in Afrika (2001), iliyoongozwa na Caroline Link.

Chanzo cha filamu hiyo ni riwaya ya Stefanie Zweig iliyotolewa mwaka 1995. Zweig alizaliwa mwaka 1932 katika familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi na kufika Kenya mwaka 1938. Baba yake, wakili aliyezuiwa kufanya kazi yake kwao, aliajiriwa kusimamia shamba huko Rongai, karibu na Nakuru. Binti akasomeshwa katika shule ya bweni mjini humo. Nakuru wa siku hizo ulikuwa mji mkuu wa walowezi kwa kila hali isipokuwa kwa jina. Ardhi yenye rutuba ilitengwa kwa Wazungu, na Mwafrika aliishi juu yake kama kibarua, kipande kikining'inia shingoni. Kiswahili cha mashamba hayo, ambacho wenyeji walikiita Kisetla, kilikuwa lugha ya amri: vitenzi vitupu, ngeli zimevurugwa, na jibu halikutarajiwa.

Onyulo, akiwa Owuor mpishi, aliipindua hali hiyo. Walter anaugua malaria, naye Owuor anamwuguza. Walter anamzawadia joho lake la uwakili. Mkewe, Jettel, anapofika, anamsemesha mpishi kwa Kijerumani kana kwamba ni wajibu wa mpishi kujifunza. Walter anamkemea kwamba anafanya yale yale waliyofanyiwa Wayahudi kwao. Katika onyesho kama hilo mwigizaji dhaifu angenung'unika au angecheka. Onyulo anasimama tu, anasubiri. Huo ni ufundi wa jukwaa, ambapo kimya nacho huhesabiwa kuwa usemi. Kwa mtoto Regina anafungua mdomo: anamfundisha maneno taratibu, na Kiswahili kinakuwa lugha ya mwalimu. Hata Jettel, mwishowe, anaingia katika darasa hilo.

Filamu yenyewe haikumtendea Owuor haki kamili. Familia yake inatajwa tu, na mtazamaji haoni kwao. Wala hakuna neno juu ya Olenguruone, katika wilaya hiyo hiyo ya Nakuru, ambako miaka ile ile ya 1940 wakulima Wakikuyu walikuwa wakishindana na serikali juu ya ardhi hata wakafukuzwa. Owuor anapoagana na Regina, familia ikijiandaa kurudi Ujerumani mwaka 1947, ni uso wa Onyulo peke yake unaodokeza kwamba mtu huyu ana historia isiyoandikwa na mwandishi wa filamu.

Mwaka 2002 filamu hiyo ilipata tuzo kuu ya filamu nchini Ujerumani. Tuzo ya mwigizaji msaidizi ilikwenda kwa Matthias Habich. Mwaka 2003 ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na sehemu ya lugha hiyo ya kigeni, ni lazima isemwe, ilikuwa Kiswahili. Miaka miwili baadaye Onyulo alionekana katika The Constant Gardener ya Fernando Meirelles, iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya. Nafasi aliyopewa ilikuwa ndogo.