Herufi ni Zile Zile, Irabu Ndizo Hutofautiana

Mwana wa nyoka ni nyoka. Niliwahi kumtupia methali hii mwanafunzi wangu mtukutu, nikaongeza, "Ni damu hiyo, utafanyaje?" Historia ya utafiti wa DNA imenifanya niyajutie maneno hayo.

Mnamo 1948, mwanakemia Rollin Hotchkiss wa Marekani alikuwa akichanganua DNA ya ndama alipoona kitu kinachokaribia kufanana na saitosini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Kumbe ilikuwa saitosini iliyobandikwa kemikali ya methili. Ya kazi gani? Jibu lilichelewa. Ni mwaka wa 1975 ambapo Robin Holliday na John Pugh wa Uingereza, na Arthur Riggs wa Marekani, walipendekeza, kila upande kivyake, kwamba alama hiyo husaidia kuwasha na kuzima jeni.

Anayejua Kiswahili cha hati za Kiarabu ataelewa upesi. Andika be mbili bila irabu: je, ni baba, bibi au bubu? Vivyo hivyo, seli ya ubongo na ya ini zina DNA ile ile, ila alama zake hazifanani, na kila moja huisoma kivyake.

Mwaka wa 2013, Ryan Lister, Joseph Ecker na wenzao walichapisha ramani ya alama hizo katika ubongo wa binadamu na wa panya. Waligundua kuwa aina fulani ya alama, iliyo haba katika viungo vingi vya mwili, hurundikana katika seli za neva baada ya mtoto kuzaliwa hadi ujanani, kipindi ambacho seli hizo zinaendelea kuunganishwa. Mnamo Oktoba 2023, ramani pana zaidi ilitolewa: zaidi ya seli 500,000 kutoka sehemu 46 za ubongo, zikagawika katika aina 188.

Hata hivyo, bongo hizo zilikuwa za wanaume watatu tu. Wa mwanamke je? Wa mtoto je? Safari bado ni ndefu.

Sisemi methali ni uongo. Nyoka hazai kuku. Ila mwalimu anayemhukumu mtoto kwa damu yake anakisoma kitabu kabla hakijamaliza kutiwa irabu. Mimi nilikisoma hivyo, tena kwa sauti, mbele ya darasa zima.