Mkubwa wa kazi au mkubwa wa karatasi? Historia ya rufaa za viza ya mameneja Marekani

LIKASI – Kila mtu aliyekulia katika kambi za wafanyakazi za mji huu anajua tofauti kati ya kadre na mfanyakazi wa kawaida. Tangu Union Minière du Haut-Katanga ilipoundwa mwaka 1906, na zaidi baada ya kiwanda cha Shituru kuanza kazi mwaka 1929, cheo ndicho kilichoamua mtu alale katika nyumba gani na katika mtaa gani. Wakati wa Wabelgiji, vyeo vya juu vilikuwa vya wazungu. Mkongomani alipanda mpaka ukapita, na kwa wengi njia iliishia hapo. Serikali ilipochukua migodi tarehe 1 Januari 1967, katika kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines, Wakongomani wengi zaidi waliingia katika ukadre.

Ndiyo maana swali hili si geni Likasi: huyu ni mkubwa kweli, au ni mkubwa wa karatasi tu? Marekani nayo imeliuliza kwa zaidi ya miaka 50, kila kampuni ya kimataifa inapoomba kumpeleka huko mkurugenzi au meneja wake. Leo swali hilo linagusa hata familia za hapa. Komisionere akimwambia mtu, "Fungua kampuni, jiite direkta, utapata viza, wakikataa tutakata rufaa", familia inaweza kuuza lupango kwa ajili ya maneno hayo. Historia ya rufaa zenyewe inasema mengine.

Sheria ilivyozaliwa

Mwezi wa Aprili 1970, Bunge la Marekani lilianzisha viza ya muda iitwayo L, kwa wafanyakazi wanaohamishwa ndani ya kampuni moja kutoka nchi nyingine. Kampuni kubwa zilikuwa zimelalamika kwamba kuhamisha watu wao kulichukua muda mrefu mno.

Miaka 20 baadaye, tarehe 29 Novemba 1990, Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria mpya ya uhamiaji. Sheria hiyo iliwaweka wakurugenzi na mameneja wa kampuni za kimataifa katika kundi la kwanza la wahamiaji wa kazi, pamoja na watu wenye vipaji vya pekee na maprofesa mashuhuri. Kundi lote hilo linapewa nafasi karibu 40,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na ndani yake wanahesabiwa pia wake, waume na watoto.

Masharti yake ni magumu. Mtu hajiombei, anayeomba ni kampuni iliyoko Marekani, nayo iwe imefanya biashara huko kwa mwaka mmoja au zaidi. Kampuni hiyo na ile ya ng'ambo lazima ziwe za ukoo mmoja: mama na mtoto, au watoto wa mama mmoja. Mtu mwenyewe awe amefanya kazi ya ukubwa nje ya Marekani kwa mwaka mmoja katika miaka mitatu ya mwisho. Kwa hiyo kadre aliyeondoka Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003, akakaa nyumbani tangu hapo, hana njia hapo, hata akiwa na vyeti vyote vya zamani.

Mfano wa karibu ni Fungurume, katika barabara ya Kolwezi. Tangu mwaka 2007 mgodi wa Tenke Fungurume ulikuwa chini ya Freeport-McMoRan, kampuni ya Marekani yenye makao yake Phoenix, Arizona. Mwaka 2016 Freeport iliuza sehemu yake kwa kampuni ya China Molybdenum. Meneja wa mgodi huo alibaki na ofisi ileile na kiti kilekile, lakini ukoo wa kampuni na Phoenix ulikatika. Kwa sheria ya Marekani, ukoo huo lazima uwe hai siku ombi linapowekwa.

Waamuzi walivyojibu

Mwaka 1983 idara ya uhamiaji ya Marekani ilikusanya rufaa za namna hii katika kitengo kimoja. Tangu mwaka 1994 kitengo hicho kinajulikana kama Ofisi ya Rufaa za Kiutawala, yaani AAO.

Uamuzi unaotajwa mpaka leo ulitoka mwaka 1988, katika kesi ya Church Scientology International. Ulisema kwamba mtu ambaye sehemu kubwa ya siku yake ni kutengeneza bidhaa au kutoa huduma kwa mikono yake si meneja, hata akiitwa hivyo. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Fedin Brothers, mahakama ya New York ilisema kwamba kazi anazofanya mtu ndizo zinazoonyesha cheo chake cha kweli, na mwaka 1990 mahakama ya juu yake ilikubali. Mtu anayefungua duka, anauza, anapokea pesa na kufagia ni mwenye duka. Karatasi ikimwita direkta mkuu, bado anafagia.

Lakini rufaa hazikufunga mlango tu. Mwaka 2010, kesi ya Chawathe ilieleza kipimo cha ushahidi: inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Mwaka 2016, katika kesi ya Z-A-, AAO ilisema maafisa wasihesabu wafanyakazi walioko Marekani peke yao. Lazima waangalie pia wale waliobaki Japani wakimfanyia meneja huyo kazi za kila siku. Mwaka 2017, katika kesi ya G-, meneja wa mipango ya fedha alikuwa amekataliwa. AAO iligeuza uamuzi na kukubali kwamba mtu anaweza kuwa meneja kwa kuongoza shughuli kubwa ya kampuni, hata kama hasimamii kundi kubwa la watu. Kampuni hiyo ilishinda kwa sababu ilieleza kazi zake moja baada ya nyingine.

Rufaa ni nini, na si nini

Rufaa ni ya kampuni. Mfanyakazi hawezi kuipeleka mwenyewe. Inawekwa kwa fomu I-290B ndani ya siku 30, au siku 33 kama uamuzi ulitumwa kwa posta. Ofisi iliyokataa inaangalia kwanza kama itabadili neno lake. Isipobadili, faili inakwenda AAO. Huko rufaa inaweza kukubaliwa, kukataliwa, au kurudishwa chini ichunguzwe upya. Tangu kesi ya Izummi ya mwaka 1998 inajulikana pia kwamba mwombaji hawezi kubadilisha mambo ya msingi baada ya kukataliwa ili ombi bovu lionekane zuri. Aliyeweka kampuni ya uongo hataiponya kwa rufaa.

Tena kuna hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Ombi la kampuni huamuliwa Marekani, na ndilo lenye rufaa hii. Viza yenyewe huamuliwa na konseli wa ubalozi, na akikataa, AAO haina neno juu yake.

Kwa familia zilizohamishwa na vita au fujo, hili lieleweke vizuri: mlango wa mameneja si mlango wa wakimbizi, na hauulizi mtu ameteseka kiasi gani. Kabla ya kutoa hata dola moja, kuna maswali matatu ya kumwuliza anayeahidi viza hiyo. Ni kampuni gani ya Marekani itakayoomba? Ina ukoo gani na kampuni ya hapa? Na mwombaji amekuwa mkubwa wa kazi wapi, mwaka gani? Asipoweza kujibu leo, rufaa ya kesho haitamjibia, na lupango liliouzwa halirudi.