Baina ya vizazi: mtoto wa Bwaise yuko upande gani?

Niliwaandikia wanafunzi wangu wa darasa la sita neno moja ubaoni, kizazi, nikamtaka kila mmoja alitungie sentensi. Kijana wa mstari wa nyuma aliandika, "Mama alilazwa kwa ugonjwa wa kizazi." Jirani yake akaandika, "Kizazi cha leo kinapenda simu." Wote wawili niliwapa alama kamili, maana neno hili lililotokana na kuzaa hubeba yote mawili: kiungo cha mama kinachomhifadhi mtoto, na watu waliozaliwa katika zama moja. Shida ilianza tulipofika kwenye vizazi vijavyo, maneno niliyoyanakili kutoka bango la utunzaji wa mazingira. Binti mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi niko kwenye vijavyo au vilivyopo?" Nikamjibu haraka kwamba vijavyo ni wale ambao bado hawajazaliwa. Akainama, akaandika.

Daftari lake lilikuwa limevimba, kurasa zimeshikana pembeni, na doa la kahawia limepanda hadi katikati ya jalada. Kwao ni Bwaise, bondeni kaskazini mwa Kampala, ambako mvua ikizidi maji ya mfereji wa Nsooba hufurika na kuingia majumbani. Nyumba nyingi za huko zina kizingiti cha matofali na saruji kinachofika gotini. Unakiruka ndipo uingie. Vitanda vimeinuliwa kwa matofali, vitu vya thamani vinakaa juu ya kabati, na michirizi ya matope ukutani inakuonyesha mvua ipi ilifika wapi. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa sarufi. Lakini nilikuwa nimemwambia mtoto anayeanika madaftari juani kwamba yale maneno mazito ya bangoni hayamhusu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiichambua istilahi hii, na ninayoyaandika hapa ndiyo jibu ninaloidai nafsi yangu.

Maneno hayo ni sehemu ya istilahi pana ya sheria ya kimataifa, ambayo kwa Kiingereza ni intergenerational equity. Inasema watu wa zama moja wana wajibu kwa watu wa zama nyingine: walichorithi wakitumie bila kukimaliza wala kukiharibu. Mwaka 1989 mwanasheria wa Marekani Edith Brown Weiss aliifafanua kitabuni kwa namna ambayo bado inafuatwa: kila kizazi kinaipokea dunia kikiwa mtunzaji wake na mfaidi wake kwa wakati mmoja, na kina wajibu wa kuwaachia wanaofuata wigo wa kuchagua, ubora wa mazingira na njia ya kuufikia urithi huo. Miaka mitatu baadaye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi uliliingiza wazo hilo katika ibara ya 3, ukizitaka nchi zilinde mfumo wa tabianchi kwa manufaa ya vizazi vya sasa na vijavyo.

Kwa Kiswahili hatuna matini rasmi ya kuegemea. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, na yetu haimo. Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi Februari 2022, na Julai mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mikataba ya tabianchi, hata hivyo, hutufikia kwa Kiingereza, na kila anayeifasiri huja na lake. Nimekuta usawa wa vizazi. Nimekuta uadilifu kati ya vizazi. Linalotumika zaidi, nadhani kwa sababu ni jepesi mdomoni, ni haki za vizazi vijavyo.

Tuanze na usawa. Neno hili ni la kipimo. Tunasema usawa wa bahari, usawa wa macho, usawa wa maji. Ukiwakatia watu wawili mkate vipande vinavyolingana, hapo pana usawa. Kiganda kina obwenkanya, kutoka okwenkana, kulingana, nacho kimebeba mizani ileile. Kwa suala la tabianchi mizani hiyo haitoshi. Gesi zilizokwisha kurundikana angani zimetokana na karne mbili za viwanda vya watu wengine, na mtoto wa Kampala anazaliwa akilikuta joto tayari. Kumpa sehemu inayolingana na ya yule aliyechoma makaa ya mawe maisha yake yote hakuondoi alichokwisha kupoteza. Kinachotakiwa ni kumtazama kila mmoja alipo na alichotwishwa. Usawa, katika istilahi hii, unapima sahani bila kuuliza nani ameshakula.

Uadilifu ni neno zuri, lakini ni sifa ya mtu. Hakimu mwadilifu, mzee mwadilifu. Mtu akikosa uadilifu unamlaumu. Huwezi kumpelekea hati ya madai. Ndiyo maana mimi nashika haki. Kiingereza hutenganisha haki unayoidai na haki inayotendeka, maneno mawili kwa mambo mawili. Kiswahili kimeyaweka nyumba moja: haki ya mtoto ni kitu chake mkononi, na haki ikitendeka ni hali ya jamii nzima. Wafasiri wengine huuona muungano huu kuwa kasoro inayoleta utata. Mimi naona hapa lugha yetu imetupa faida, maana mwenye kusema haki baina ya vizazi kwa Kiswahili ameshasema pia kwamba kuna mtu wa kuidai.

Sasa kile kihusishi kidogo kinachofuata haki. Haki za vizazi vijavyo: za humtaja mwenye mali, na vijavyo humweka mwenye mali huyo mbali, mahali ambapo hawezi kugonga mlango wa mtu. Ahadi kwa asiyekuwapo haimkoseshi usingizi aliyeitoa. Baina ni neno la namna nyingine. Baina ya mume na mke, baina ya Uganda na Kenya, baina ya mdai na mdaiwa: haliwezi kusimama bila pande mbili zinazotazamana. Nyumbani kwetu vizazi hutazamana hivyo. Kiswahili huhesabu mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, na si ajabu kuwakuta watatu au wanne wa ngazi hizo wamekaa mkeka mmoja wakimenya matoke. Rais Museveni anapowahutubia vijana huwaita bazzukulu, wajukuu, na mjukuu kwa kawaida ni mtu aliye mbele yako, mwenye jina na njaa. Lugha ya mikataba imevipanga vizazi kama foleni, kimoja kikitoka ndipo kingine kiingie, na katika foleni hiyo mtoto wa miaka 12 hana mahali. Hajawa mtu mzima wa kizazi cha sasa, na hawezi kuwa wa kijacho kwa kuwa anapumua.

Usidhani ni ubishi wa walimu wa lugha tu. Soma dibaji ya Makubaliano ya Paris ya 2015. Katika sentensi moja ndefu nchi zinaambiwa kwamba zinapochukua hatua za tabianchi zinapaswa kuheshimu, kukuza na kuzingatia wajibu wao kuhusu haki za binadamu, kisha unafuata msururu: haki ya afya, watu wa asili, jamii za mahali, wahamiaji, watoto, watu wenye ulemavu, na kuendelea mpaka mwisho kabisa, ambako ndipo imewekwa istilahi yetu. Mtoto yuko katikati ya sentensi. Haki baina ya vizazi iko mkiani, kama mambo mawili yasiyojuana. Na yote yako kwenye dibaji, kwa kitenzi cha kupaswa. Katika mazungumzo ya mikataba ya tabianchi neno ambalo halijakubaliwa hufungiwa ndani ya mabano ya mraba, na wajumbe huweza kukesha siku kadhaa wakibishania kama neno moja litoke kwenye mabano au lifutwe. Anayetetea watoto huko anatetea maneno, moja moja, kifungu kwa kifungu.

Maneno hayo yamesogea, ingawa polepole. Agosti 2023 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilitoa Maoni ya Jumla namba 26, kuhusu mazingira na hasa mabadiliko ya tabianchi, baada ya kupokea michango ya watoto zaidi ya 16,000 kutoka nchi 121. Kamati haikuwaachia watoto wasubiri foleni. Ilisema waliopo duniani leo wanahitaji kushughulikiwa kwa haraka, na pamoja nao wako watoto wanaoendelea kuwasili kila siku. Naipenda picha hiyo ya kuwasili, kwa sababu inaifuta mipaka ya foleni. Mwishoni mwa mwaka huo mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, COP28, wa Dubai uliagiza mjadala wa wataalamu kuhusu watoto na tabianchi, nao ukafanyika Bonn Juni 2024. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague, katika maoni ya ushauri yaliyoanzia kwenye kampeni ya wanafunzi wa vyuo vya visiwa vya Pasifiki, iliikubali haki baina ya vizazi kuwa mwongozo wa kufasiri sheria, ikiwaelezea watu wa leo kama wadhamini wa ubinadamu.

Wadhamini. Hapa narudi Kampala, kwa sababu jambo hili lilifika Mahakama Kuu ya hapa miaka 13 kabla ya The Hague kulisema. Mwaka 2012 asasi ya wanasheria wa mazingira, Greenwatch, ilifungua kesi ya madai namba 283 kwa niaba ya watoto wanne, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mamlaka ya mazingira, NEMA. Hoja yao ilisimama juu ya Katiba ya 1995: ibara ya 39 inayompa kila Mganda haki ya mazingira safi na salama, na ibara ya 237 inayosema serikali inashikilia maziwa, mito, ardhioevu na hifadhi za misitu kwa niaba ya wananchi. Walitaka angahewa nayo ihesabiwe humo. Mahakama iliielekeza kesi kwenye usuluhishi wa siku 90, na haikutoa ule uamuzi mkubwa uliokuwa unangojwa. Ufilipino walikuwa wametangulia: mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya huko ilikubali watoto wasimame kudai kwa niaba yao wenyewe, wenzao na wasiozaliwa bado. Angalia mpangilio huo. Wao wenyewe kwanza.

Huko kushikilia kwa niaba ya wananchi kwa ibara ya 237 unakufasiri vipi kwa neno moja? Wengi huandika dhamana. Lakini dhamana kwa msomaji wa Kampala ni ya polisi na mahakamani, au ni cheo: waziri mwenye dhamana. Neno linalofaa ni amana. Amana ni kitu ambacho mwenyewe amekuachia na atarudi kukichukua. Huruhusiwi kukitumia ukakimaliza, na ukifanya hivyo, Kiswahili kina jina la kosa lako: hiana. Ardhioevu ya Lubigi, inayopokea maji yote ya Bwaise, ni amana. Kila kipande kinachofukiwa kifusi kinapunguza mahali pa maji kutuama, na maji hayo hurudi hadi kwenye kile kizingiti cha gotini. Mwenye amana hayuko mbali. Anaruka kizingiti kila asubuhi akiwa na sare ya shule.

Kuna jambo jingine ambalo sarufi yetu inaliona vizuri. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Uganda iliuridhia 1990, unampa mtoto katika ibara ya 12 haki ya kutoa maoni yake na maoni hayo yapewe uzito. Kiswahili kina kusikika na kina kusikilizwa. Sauti ya watoto na vijana wa Uganda imesikika sana. Vanessa Nakate alisimama na bango mbele ya Bunge mjini Kampala Januari 2019, na miaka michache baadaye akawa anazungumza kwenye majukwaa ya COP. Leah Namugerwa alianza migomo yake ya Ijumaa akiwa na miaka 14, akapanda miti 200 kusherehekea kutimiza miaka 15, akawa anadai marufuku ya kaveera itekelezwe, ile mifuko ya plastiki inayoziba mitaro ya mji huu. Tangu COP27 ya Sharm el-Sheikh watoto na vijana wana hata banda lao rasmi. Kusikika kumepatikana. Kusikilizwa kunaanza pale mjumbe anapobadilisha kifungu kwa sababu ya alichoambiwa na mtoto, na kwa hilo bado tuna safari. Kwa hiyo popote ibara ya 12 inapofasiriwa, naomba iandikwe haki ya kusikilizwa. Sauti ya kipaza sauti nayo husikika.

Nawaandikia wenzangu wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya lugha wanaotunga kamusi za istilahi. Napendekeza kidahizo kiwe hivi: haki baina ya vizazi, nomino, sheria na mazingira; wajibu wa watu wazima walio madarakani kutunza amana ya dunia kwa watoto walio hai, kwa wanaozaliwa leo, na kwa watakaozaliwa; pia, madai ambayo mtoto aweza kuyaleta kuhusu wajibu huo. Nimewaweka walio hai mbele kwa makusudi. Anayetaka kukibadilisha anionyeshe kwanza kwamba hajawatoa.

Wiki iliyofuata nilifuta lile jibu langu mbele ya darasa, nikaandika upya ubaoni: vizazi vilivyopo na vijavyo, na nyinyi mmo. Yule binti alifungua ukurasa wake uliovimba, akakata mstari juu ya maneno ya zamani kwa rula, akanakili mapya chini yake. Wino ulisambaa kidogo kwenye ile karatasi iliyowahi kulowa, lakini ukisomwa unasomeka.