New Zealand: Kazi za bustanini majira ya baridi kwa ajili ya ndege na mijusi wa asili

Majira ya baridi nchini New Zealand huanza Juni na kumalizika Agosti. Kwa wenye bustani, siku za mwisho wa juma katika miezi hiyo ni za kutega panya, kupanda miti na kuwasaidia ndege wakati chakula kinapoadimika. Lakini anayefuata vitabu vya bustani vilivyoandikwa Uingereza anaweza kuwadhuru viumbe wale wale aliokusudia kuwasaidia.

Sababu yake ni ya kale. Kabla ya binadamu kufika, visiwa hivyo havikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha isipokuwa popo, hivyo ndege na mijusi wake hawakujifunza kujihadhari na mwindaji anayenusa gizani. Panya, vicheche na posamu walioletwa na watu hula mayai, makinda, hata ndege aliyelalia kiotani. Kalunguyeye, ambaye Mwingereza humwekea rundo la majani apate kujificha, huko ni mharibifu: naye aliletwa na walowezi, na hula mijusi, wadudu wa asili na mayai ya ndege wanaotaga ardhini. Mwaka 2016 serikali ilitangaza lengo la kuwatokomeza panya, vicheche na posamu ifikapo 2050, na mijini wakazi wengi hushiriki kwa kutega mitego nyumbani kwao.

Kwa hiyo mtego ndio kazi ya kwanza, ingawa si ya kupendeza. Huwekwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye tundu dogo, ili ndege, paka na vidole vya watoto visiufikie. Chambo ni siagi ya karanga, kidogo tu. Kisanduku kiwekwe ubavuni mwa ukuta au ua, maana panya hapendi kukatiza uwanja mtupu. Wakati wa baridi huwa na njaa na huvutwa na chambo kwa urahisi, na anayenaswa Julai hatakuwapo ndege watakapotaga.

Kuhusu chakula, mkate na nafaka si msaada. Watafiti waliwalisha ndege vitu hivyo katika bustani za Auckland kwa mwaka mmoja na nusu. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa shomoro na njiwa wa kigeni waliongezeka, huku riroriro, ndege mdogo wa asili anayekula wadudu, akipungua. Afadhali maji yenye sukari nyeupe, au nusu ya chungwa iliyochomekwa kwenye tawi. Asali isitumike, kwani huweza kueneza magonjwa ya nyuki. Chombo kioshwe kila siku: katika baridi ya mwaka 2000 salmonela iliua shomoro wengi nchini humo, na watu pia waliugua.

Mgeni wa kwanza kwenye chungwa huwa ni tauhou, ndege wa kijani mwenye duara jeupe jichoni. Alivuka bahari mwenyewe kutoka Australia, na makundi makubwa yalionekana mwaka 1856. Jina lake kwa Kimaori lina maana ya mgeni, lakini leo huhesabiwa miongoni mwa ndege wa asili.

Msaada unaodumu ni mti. Udongo wa baridi una unyevu, na mche hupata muda wa kushika mizizi kabla ya kiangazi. Kowhai hustahimili jalidi, na maua yake ya manjano yenye nekta humvuta tui mwishoni mwa baridi na katika machipuko. Harakeke hufuata baadaye. Wapangaji waombe kwanza ruhusa ya mwenye nyumba, au wapande harakeke fupi ndani ya chungu.

Rundo la magogo na mawe lisifumuliwe. Humo hujificha weta, mdudu mkubwa asiye na mabawa anayefanana na panzi, pamoja na mijusi iliyopooza kwa baridi. Karibu mijusi yote ya asili ya huko huzaa badala ya kutaga, na inalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1953.

Kazi nyepesi kuliko zote ni kuhesabu. Tangu 2007, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, wananchi hutazama ndege wa bustanini kwa saa moja. Huandikwa idadi kubwa zaidi ya kila aina iliyoonekana kwa wakati mmoja, ili ndege yule yule anayerudi asihesabiwe mara mbili.