Nani Mlezi wa Kompyuta? Historia Fupi ya Mashine za Ofisi, kutoka Dar es Salaam hadi Kasese

Kahendero, kijiji chetu cha wavuvi kando ya Ziwa George, hakuna anayenunua mtumbwi bila kufikiria nani ataziba nyufa zake. Ofisi zetu, kwa upande mwingine, zimenunua kompyuta kwa miaka mingi bila kuuliza swali hilo. Katika insha hii ninatetea hoja moja: katika Afrika Mashariki, kompyuta za ofisi zimefaulu au kushindwa kwa sababu ya watu waliozitunza, si kwa sababu ya ubora wa mashine.

Mfano wa mapema tunaupata Tanzania. Kompyuta ya kwanza nchini humo ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Serikali ilitaka hesabu zake zifanywe na mashine, lakini wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno na kazi ikategemea wageni. Hesabu zilivurugika, fedha zikapotea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Katazo hilo lilidumu kwa miaka mingi. Wako wanaolieleza kama woga wa maendeleo. Mimi naona serikali ilitambua tatizo la kweli ila ikachagua dawa mbaya, kwani bila mashine vijana hawakuwa na cha kujifunzia, na upungufu wa mafundi ukaendelea.

Uganda ilifuata njia nyingine. Sheria ya Mawasiliano ya 1997 iliunda Tume ya Mawasiliano. Mwaka 2006 ikaundwa wizara ya teknolojia ya habari. Na sheria ya 2009 ikaanzisha mamlaka ya taifa ya teknolojia hiyo, NITA-U. Kufikia mwaka 2012, Wizara ya Afya ilikuwa imesambaza wilayani programu ya DHIS2, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo. Vituo vidogo viliendelea kujaza fomu za karatasi kila mwezi, kisha takwimu zikaingizwa kwenye kompyuta ofisini wilayani. Hivyo ripoti ya wagonjwa wa kijiji kizima ikategemea kompyuta chache na karani mmoja au wawili.

Nilipofanya mafunzo ya kazi katika ofisi moja wilayani Kasese, nilijionea maana ya jambo hilo. Aliyeitwa umeme uliporudi na kompyuta kugoma kuwaka alikuwa mtunza stoo. Ndiye aliyeondoa virusi kwenye flashi, akafungua printa iliyokwama, na kuwakumbusha wakubwa wake nywila zao. Kazi hiyo haikuwa kwenye barua yake ya ajira wala kwenye bajeti. Siku aliyokuwa msibani, ofisi nzima ilikaa ikimsubiri.

Kuna wakati kusubiri kunagharimu zaidi ya muda. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo na kuingia wilaya yetu. Mgonjwa wa kwanza alifikishwa Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera. Katika mpaka wa Mpondwe, ambako maelfu huvuka siku za soko, taarifa ya leo haifai kusomwa wiki ijayo. Kompyuta iliyoharibika wakati kama huo ni hatari kwa afya ya umma.

Kwa kuhitimisha, historia hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, kununua mashine bila kuandaa fundi ni kurudia kosa la Wizara ya Fedha ya Tanzania. Pili, kuikataa mashine hakuzalishi fundi. Kila ofisi ya wilaya inapaswa kuwa na mtu aliyeajiriwa rasmi kutunza kompyuta, mwenye fungu la vipuri, ratiba ya kuhifadhi nakala za kumbukumbu, na muda wa kuwafundisha wenzake. Wanahistoria nasi tuanze kuwaandika watu hawa, kwa maana tumezoea kuandika tarehe ya uzinduzi na jina la mgeni rasmi, tukamsahau aliyeifanya mashine iendelee kuwaka.