Kuzuia Maji au Kuyapokea: Historia ya Vazi Kavu na Vazi Bichi katika Uzamiaji wa Maji Baridi

Utangulizi

Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Kwa sababu hiyo, mtu anayestahimili hewa ya nyuzijoto 10 za Selsiasi kwa saa nyingi hupoteza joto upesi akizama katika maji ya kiwango hichohicho. Tangu karne ya 19, wazamiaji wamelikabili tatizo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni vazi kavu, yaani vazi linalozuia maji yasiifikie ngozi. Ya pili ni vazi bichi, kwa maana ileile ambayo Waswahili huiita nguo isiyokauka kuwa mbichi: ni vazi linaloruhusu maji kuingia, lakini hulinda joto kwa unene wa kitambaa chake.

Ni rahisi kudhani kwamba vazi bichi lilitangulia na kwamba vazi kavu lilibuniwa baadaye ili kulisahihisha. Mfuatano wa matukio unaikanusha dhana hiyo. Vazi kavu lilikamilika kimsingi mwaka 1837, ilhali vazi bichi la neoprini lilipatikana miaka ya mwanzo ya 1950. Insha hii inajenga hoja kwamba uchaguzi kati ya mavazi haya mawili haukuamuliwa na baridi peke yake. Uliamuliwa pia na aina ya kazi, muda wa kukaa majini, na kiasi ambacho mzamiaji alikuwa tayari kutegemea hewa, kamba au watu wengine. Hoja hiyo inafuatiliwa kupitia Uingereza, Marekani na Ulaya, kisha inapimwa kwa mfano wa wanawake wazamiaji wa Korea.

Vazi kavu na utegemezi wa nchi kavu

Mwaka 1823, Charles Deane wa Uingereza alisajili hataza ya kofia ya kumlinda mtu dhidi ya moshi katika majengo yanayoungua. Yeye na ndugu yake John waliigeuza kofia hiyo kuwa chombo cha kuzamia. Hewa ilisukumwa kwa pampu hadi kichwani, ikatoka chini ya koti. Mpango huo ulikuwa na kasoro kubwa: mzamiaji alilazimika kubaki wima. Akiinama sana au akianguka, maji yalipanda hadi ndani ya kofia.

Mwaka 1837, Augustus Siebe, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia London, aliiunganisha kofia na vazi zima la kitambaa kilichotiwa mpira. Sasa mzamiaji aliweza kuinama akiwa mkavu, huku akivaa nguo za sufu ndani. Vazi hilo lilijaribiwa katika kazi kubwa kuanzia mwaka 1839 hadi 1843, pale Kanali Charles Pasley alipoongoza uondoaji wa mabaki ya manowari Royal George, iliyozama Spithead, karibu na Portsmouth, mwaka 1782.

Taarifa za kazi hiyo zina jambo linalohitaji kusomwa kwa uangalifu. Wazamiaji wake walilalamikia mara kwa mara maumivu ya viungo, ambayo yalielezwa kuwa ni baridi yabisi. Kwa watu waliofanya kazi katika bahari ya kaskazini, maelezo hayo yaliingia akilini. Hata hivyo, mwaka 1878 Paul Bert wa Ufaransa alionyesha kwamba kupanda haraka kutoka penye shinikizo kubwa husababisha viputo vya naitrojeni mwilini. Kwa kuzingatia ugunduzi huo, inaelekea kwamba sehemu ya maumivu ya Spithead haikutokana na baridi hata kidogo. Vazi kavu lilikuwa limewawezesha watu kukaa chini kwa muda mrefu, na muda huo ukaleta maradhi mapya. Kinga dhidi ya hatari moja ilifungua mlango wa hatari nyingine.

Isitoshe, ukavu huo ulikuwa na gharama ya kijamii. Mzamiaji aliyevaa vazi la Siebe hakuweza kuzama peke yake. Alihitaji watu wa kumvisha, wa kusukuma pampu na wa kushika kamba. Uhai wake ulikuwa mikononi mwa walio juu.

Wazo la Bradner

Vita Vikuu vya Pili vilizaa mzamiaji wa aina nyingine, yaani mwogeleaji wa kijeshi aliyesafiri chini ya maji bila bomba wala kamba. Waogeleaji wa Italia na Uingereza walivaa mavazi makavu ya mpira mwembamba juu ya nguo za kukinga baridi. Udhaifu wa mavazi hayo ulikuwa dhahiri. Mpira wenyewe haukuhifadhi joto; kilicholihifadhi ni hewa iliyonaswa katika nguo za ndani. Tundu dogo lilitosha kuzilowesha nguo hizo, na kinga yote ikapotea.

Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilitazama tatizo hilo upya mwaka 1951. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa hewa iliyonaswa ndiyo inayohifadhi joto, basi si lazima inaswe katika nguo kavu. Inaweza kufungiwa ndani ya kitambaa chenyewe. Kwa ushauri wa mwenzake Willard Bascom, alichagua neoprini, mpira wa kiwandani ambao kampuni ya DuPont iliugundua mwaka 1930, ukiwa katika umbo lenye vipovu vidogo vya gesi, kila kimoja na ukuta wake. Tundu katika vazi la namna hiyo liliharibu vipovu vichache tu. Vilivyosalia viliendelea na kazi.

Hapa inafaa kusahihisha maelezo yanayorudiwa mara nyingi, kwamba vazi bichi humpasha mtu joto kwa utando wa maji ulio kati yake na ngozi. Kinga kuu hutoka katika gesi iliyomo kitambaani. Maji yaliyoingia huvumiliwa tu, mradi vazi liwe limebana kiasi cha kuyazuia yasitoke na mengine mapya ya baridi kuingia kila mara.

Bradner hakutajirika kwa wazo hilo. Mafundi wa pwani ya California, wakiwamo Jack O'Neill na ndugu wawili wa Meistrell, ndio waliolisambaza vazi hilo kibiashara, na ubishi kuhusu nani hasa alilibuni ukadumu kwa miongo kadhaa. Kilicho muhimu kwa insha hii ni sababu ya mafanikio yake. Vazi bichi halikushinda kwa kuwa na joto zaidi. Lilishinda kwa sababu mtu mmoja aliweza kulinunua, kulivaa na kuingia nalo majini bila pampu, bila msaidizi na bila mafunzo marefu.

Kina na kurudi kwa vazi kavu

Hata hivyo, gesi iliyofungiwa katika neoprini hutii kanuni ya Boyle. Katika kina cha mita 10, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji. Katika mita 30 huwa mara nne. Vipovu husinyaa, kitambaa hukonda, na joto hupotea pale pale ambapo maji huwa baridi zaidi. Wakati wa baridi kali kuna tatizo la pili: mzamiaji akishatoka majini, upepo huyakausha maji yaliyo juu ya vazi na kumnyang'anya joto lililosalia kabla ya mbizi ya pili.

Vazi kavu linatatua matatizo hayo kwa kuongezewa hewa kadiri mzamiaji anavyoshuka. Jacques Cousteau alishughulikia vazi la ujazo usiobadilika mwaka 1946, na katika miaka ya 1960 kampuni ya Poseidon ya Uswidi ilitoa Unisuit, vazi kavu la neoprini lenye zipu isiyopitisha maji. Kwa vazi hilo, ukavu haukumfunga mtu kwenye kamba ya juu.

Lakini utegemezi haukuisha, ulibadilisha mahali. Hewa ndani ya vazi husogea. Ikikimbilia miguuni, huweza kumpindua mzamiaji na kumvuta juu kwa kasi ya hatari. Asipoongeza hewa ya kutosha anaposhuka, vazi humbana. Kazi iliyofanywa zamani na mshika kamba sasa ilimwangukia mzamiaji mwenyewe, kama ustadi wa kufungua na kufunga vali kwa wakati wake.

Ushahidi wa wanawake wa Korea

Haenyeo, wanawake wazamiaji wa Korea wanaojulikana zaidi kupitia Kisiwa cha Jeju, wanaipima hoja hii kwa namna ya pekee. Kwa vizazi vingi walizama bila mitungi ya hewa, hata wakati wa baridi, wakiwa wamevaa nguo nyepesi za pamba. Katika miaka ya 1960, Suk Ki Hong, Hermann Rahn na wenzao walichunguza miili ya wanawake hao na kubaini kwamba wakati wa baridi kiwango chao cha msingi cha kutumia nishati kilipanda kwa takriban asilimia 30. Walichelewa pia kuanza kutetemeka kuliko watu wasiozama. Kwa maneno mengine, vazi lao lilikuwa mwili wenyewe, na baridi ndiyo iliyoamua mwisho wa zamu.

Mavazi mabichi yalipoenea miongoni mwao katika miaka ya 1970, mabadiliko mawili yalitokea. Muda wa kukaa majini uliongezeka mno. Wakati huohuo, tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilionyesha kwamba ustahimilivu ule wa baridi ulikuwa umefifia katika kipindi cha miaka michache. Haingekuwa haki kuuomboleza ustahimilivu huo kana kwamba ulipatikana bila mateso. Lakini ni kweli pia kwamba mpaka uliowekwa na baridi juu ya kazi na juu ya uvunaji wa bahari uliondoka, na kuanzia hapo mpaka huo ulipaswa kuwekwa na watu wenyewe.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kipimajoto pekee hakitoshi kuamua lipi kati ya vazi kavu na vazi bichi linafaa. Kwa mbizi fupi ya kina kidogo, vazi bichi nene lina sifa ya kuwa na mambo machache ya kuharibika. Kwa kina kikubwa, muda mrefu au mbizi zinazorudiwa siku moja ya baridi kali, vazi kavu lina ubora ulio wazi, ila kwa mtu aliyejifunza kulitawala. Spithead na Korea zinaongeza funzo ambalo vipimo vya joto haviwezi kulionyesha. Katika sehemu zote mbili, vazi lililoondoa baridi lilirefusha kazi, na madhara ya urefu huo yalitambuliwa baadaye, katika viungo vya wazamiaji na katika bahari waliyoivuna.